Picha moja ya kisima, safari tano za mtandao

Wajir ni mji wa visima. Ukitoka Pwani ukapita Garissa, Modogashe na Habaswein, unaikuta nchi kavu isiyo na mto wa kudumu, lakini chini ya mji wenyewe kuna mawe ya chokaa yenye maji yasiyo mbali, na watu wamechimba visima hapo vizazi na vizazi wakanywesha ngamia wao. (Wakoloni wa Kiingereza, kwa kukosa la kufanya nadhani, waliiita klabu yao ya hapo Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, mahali pasipo hata dau.) Sijaona mchotaji wa Wajir anayekwenda kisimani kutazama kama kamba ipo, akarudi nyumbani, akaenda tena kutazama kama kisima bado kiko mahali pake, akarudi, na mara ya tatu ndipo akabeba ndoo. Lakini programu nyingi za simu tunazowapa vijana wa huko zinafanya hivyo hasa, na wanaolipia safari hizo ni wao.

Nazungumzia programu zinazopiga picha na kuzipeleka kwenye hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za kukodi za kampuni kama Amazon, Google na Microsoft. Kaunti ya Wajir ina zaidi ya kilomita mraba 55,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 781,263. Ofisi yoyote ya huko, ya serikali au ya shirika, haiwezi kutuma gari kila wiki kukagua pampu za Bute, Eldas, Griftu na Tarbaj. Kwa hiyo hutumia vijana wenye simu. Kijana hupiga picha ya pampu iliyovunjika au bwawa lililokauka, huandika maelezo mawili matatu, huituma. Picha hiyo ndiyo inayomwambia ofisa lori la maji liende wapi kwanza. Ikichelewa siku tatu, wenye mbuzi na ng'ombe wanajua maana ya siku tatu.

Mradi mmoja wa namna hiyo, ambao sitautaja, uliniomba nitazame kwa nini bando za vijana zinaisha kabla picha hazijafika. Nilipewa ripoti ndefu, lakini msichana mmoja alinieleza vizuri kuliko ripoti zote: “Adeer, picha inapanda mpaka mwisho, halafu inarudi mwanzo.”

Nilifungua daftari la kumbukumbu la seva nikahesabu. Kwa kila picha, programu ilifunga safari tano. Kwanza iliuliza, ndoo ipo? (Ndoo ndilo jina ambalo Amazon na Google wamekipa chombo cha kuhifadhia faili, sikulitunga mimi kwa ajili ya Wajir.) Ikijibiwa ipo, iliuliza, folda ya leo ipo? Kisha, kuna faili yenye jina hili tayari? Hapo ndipo ikapakia picha yenyewe. Ikishapakia, ikauliza mara ya tano, picha imefika?

Kila swali la namna hii huitwa ombi. Simu hutuma maneno machache kwenda kwa seva, seva hujibu. Kwa macho ya mtu aliyekaa Nairobi kwenye intaneti ya waya, ombi moja ni kufumba na kufumbua. Lakini fuata njia yake kutoka Wajir. Ombi linatoka kwenye simu hadi mnarani, kutoka mnarani linateremka hadi Nairobi, na kama ndoo iko Ulaya, mara nyingi linakuja mpaka kwetu Mombasa, linazama baharini kwa nyaya kama TEAMS na SEACOM zilizofika hapa mwaka 2009, au EASSy ya mwaka 2010, linapanda Bahari ya Shamu mpaka Ulaya. Jibu nalo linarudi njia hiyo hiyo. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna mhandisi awezaye kuifuta safari hiyo. Anachoweza ni kupunguza idadi ya safari.

Na safari moja si safari moja. Kabla ya simu kuuliza chochote, inapaswa kufungua njia na seva, hiyo ni kwenda na kurudi mara moja. Kisha zinabadilishana vyeti na funguo za siri ili mtu wa katikati asisome, hiyo ni mara moja zaidi kwa itifaki mpya ya TLS 1.3, mara mbili kwa ile ya zamani. Ndipo swali lenyewe linakwenda. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 200, ambao ni mtandao wa kuridhisha. Mara tatu, ni milisekunde 600. Maswali matano yakifungua njia mpya kila mara, ni sekunde 3, na bado hatujahesabu muda wa picha yenyewe kupanda. Sasa shuka hadi 2G, ambako kwenda na kurudi kunaweza kula milisekunde 800. Ni sekunde 12.

Si mfano wa kufikirika. Minara ya simu ya Wajir, Mandera na Garissa imelipuliwa na Al-Shabaab mara nyingi. Mnara ukianguka, simu hushika mnara wa mbali, na mtandao unakuwa wa kubahatisha. Pengine kuna ofisi yenye dishi la setilaiti za zamani, zile zilizotundikwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko kwenda na kurudi hakuwezi kupungua karibu nusu sekunde hata ufanyeje. Starlink, iliyoanza kazi Kenya mwaka 2023, setilaiti zake ziko chini zaidi, kama kilomita 550, na inasaidia. Lakini kijana aliye kwenye bwawa la Tarbaj habebi dishi mgongoni.

Hata hivyo muda si ndio uliokuwa ukila bando. Swali moja ni kilobaiti chache tu, na picha ni megabaiti mbili au zaidi. Ukijumlisha baiti utaona maswali si kitu. Mhandisi wa mradi alinijibu hivyo hivyo, na kwa hesabu ya baiti alikuwa sahihi. Kilichowamaliza vijana ni kukatika. Chukua mtandao mbovu ambao ombi moja kati ya kumi hupotea njiani. Ukiwa na ombi moja, picha ina nafasi ya asilimia 90 ya kufika. Ukiwa na matano yanayotegemeana, ni 0.9 kuzidishwa mara tano, asilimia 59. Yaani picha 41 kati ya 100 zinaangukia mahali fulani kwenye mnyororo. Na programu ile ilikuwa imeandikwa kwamba hatua yoyote ikianguka, anza upya. Kwa hiyo swali la tano, lile la “picha imefika?”, likipotea njiani, programu ilihesabu kuwa kazi yote imeharibika, na picha ambayo iko salama salimini kwenye ndoo ikapakiwa tena, megabaiti mbili nyingine. Ndicho alichokiona yule msichana. Picha ilifika, ila programu haikuamini.

Kwa nini watu huandika msimbo wa namna hii? Ninavyoona mimi ni hofu na kunakili. Mfano ulio kwenye maelezo ya maktaba huanza na kutengeneza ndoo, kwa kuwa msomaji wa mfano hana ndoo. Mwandishi anaunakili wote, pamoja na mstari wa “kama ndoo haipo, itengeneze”, na mstari ule unaingia ndani ya kazi ya kupakia, unaitwa kila picha. Ndoo ya mradi ule ilitengenezwa siku moja na haijawahi kuguswa tena. Kuuliza habari zake mara elfu kwa siku ni sawa na kumpigia mwenye nyumba kila unapotaka kuingia, umuulize kama nyumba yake bado ipo.

Wakati mwingine swali limejificha. Katika maktaba ya Google ya lugha ya Python kuna njia mbili zinazofanana sana. Ukiandika client.get_bucket("jina"), programu inafunga safari hadi kwa Google kuleta habari za ndoo. Ukiandika client.bucket("jina"), inashika jina tu na haiendi popote. Ombi litatumwa pale utakapopakia. Tofauti ni herufi tatu na mstari mdogo wa chini, na wengi hawajui kuwa wa kwanza unatoka nje ya simu. Upande wa Amazon, head_bucket ni swali lile lile. Ukipakia moja kwa moja kwa put_object na ndoo ikawa haipo, jibu litakuja na kosa linalosema ndoo haipo. Hukupoteza kitu, umelipata jibu lile lile kwenye safari uliyokuwa unaifunga hata hivyo.

Swali la folda ndilo lililonichekesha. Kwenye S3 ya Amazon ya kawaida, iliyofunguliwa mwaka 2006, hakuna folda. Kuna majina marefu ya faili yenye mikwaju ndani yake, kama eldas/pampu/001.jpg, na skrini ya msimamizi huyachora yaonekane kama folda. Programu ilikuwa inatoka Wajir mpaka Ulaya kuuliza habari za kitu ambacho hakipo hata kikiwepo. Na swali hilo la kuorodhesha ndilo ghali: kwa bei ya kawaida ya Amazon katika eneo la Virginia, kuorodhesha hutozwa sawa na kupakia, dola 0.005 kwa maombi 1,000, ilhali kusoma ni dola 0.0004.

Swali la tatu, la kama faili ya jina hilo ipo, lina sababu yake: hutaki picha ya kijana mmoja ifute ya mwenzake. Lakini kuuliza kwanza hakuzuii hilo. Vijana wawili wanaweza kuuliza sekunde moja, wote wakajibiwa “haipo”, wote wakapakia, na wa mwisho akamfuta wa kwanza. Dawa iko kwenye jina. Mpe kila faili jina lisiloweza kugongana, kwa mfano alama ya kidole ya faili yenyewe iliyokokotolewa kwa SHA-256, ambayo simu inaifanya bila mtandao. Ukitaka ulinzi zaidi, weka sharti ndani ya ombi la kupakia: “pokea iwapo hakuna yenye jina hili”. Google wamekuwa nalo kwa muda mrefu, na Amazon walilileta kwenye S3 mwezi Agosti 2024, kwa kichwa cha If-None-Match. Faili ikiwa ipo tayari, seva inakataa kwa namba 412. Swali na kazi vimekwenda pamoja, na katikati hapana upenyo.

Na la tano, “imefika?”, ni la kutoamini. Seva inapojibu kwa namba 200, imekwisha kusema imefika. Zamani kulikuwa na udhuru kidogo, kwani S3 iliweza kuchelewa kuonyesha mabadiliko, lakini tangu Desemba 2020 ukipakia leo na ukasoma papo hapo unakiona ulichopakia. Kama wasiwasi wako ni kuwa picha imeharibika njiani, tuma alama yake ya kidole pamoja nayo. Seva itaikokotoa yenyewe na kuikataa isipolingana.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa usalama wataipenda. Ili simu iweze kuuliza habari za ndoo, lazima ipewe ruhusa ya kuorodhesha yaliyomo. Simu hiyo ikipotea sokoni au ikachukuliwa barabarani, aliyeipata anaweza kuona orodha ya picha zote za mradi, pamoja na za watu na maboma yao. Ukiyafuta maswali, simu inabaki na ruhusa moja tu, ya kutia. Afadhali zaidi, simu isibebe ufunguo kabisa. Seva ya mradi inaweza kutia saini viungo vya kupakia, na kutia saini ni hesabu ya ndani isiyohitaji kumuuliza Amazon chochote. Kiungo kinaweza kuishi hadi siku 7. Kijana akiwa Wajir mjini asubuhi, anachukua viungo 30 kwa ombi moja, anaondoka navyo kwenda Eldas.

Sisi madrasa tulifunzwa kutofanya israfu ya maji katika udhu, hata maji yakiwa tele. Waandishi wa programu wanaokaa penye mtandao wa tele wangepata faida kwa somo hilo, maana anayetumia kazi yao mara nyingi hayuko penye tele.

Lakini, ndugu msomaji unayeandika msimbo, usitoke hapa ukafuta kila swali. Liko moja lenye haki yake. Umepakia picha, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi. Hujui kama ilifika. Hapo kuuliza kwa kilobaiti chache kabla ya kutuma tena megabaiti mbili ni busara tupu. Kuuliza baada ya kushindwa ni tofauti na kuuliza kabla ya kujaribu, na programu ile ilifanya kinyume: iliuliza sana mambo yakiwa shwari, na yakiharibika ilipakia upya bila kuuliza.

Vivyo hivyo na kukata faili vipande. Kupakia kwa vipande kwenye S3 kunahitaji ombi la kuanza, ombi la kila kipande, na ombi la kufunga. Kila kipande, isipokuwa cha mwisho, ni lazima kifike angalau megabaiti 5. Picha ya megabaiti mbili ikipitishwa njia hiyo inafunga safari tatu badala ya moja, na maktaba nyingine zimewekwa zifanye hivyo bila kukuuliza. Lakini video ya megabaiti 60 ni kesi nyingine kabisa. Bila vipande, ikikatika kwenye megabaiti ya 58 unaanza sifuri. Maombi ya ziada hapo ni bima, na mimi ningeilipa. Google nao wana upakiaji wa kuendeleza, ambapo baada ya kukatika simu inauliza “umepokea mpaka wapi?” na kuendelea kutoka pale.

Jambo lililobaki dogo ila lenye faida kubwa: fungua njia mara moja. Programu ile ilikuwa ikitengeneza mteja mpya wa S3 kwa kila picha, kwa hiyo kufungua njia na kubadilishana vyeti kulirudiwa upya. Ukimtengeneza mmoja na kumtumia kwa picha zote 20, unalipa kiingilio mara moja.

Haya si mambo mapya. ODK, programu ya fomu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na ambayo AMPATH wa Eldoret walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuitumia, inauliza swali moja kabla ya kutuma: seva inanitambua, na inapokea ukubwa gani? Lakini ukituma fomu 20 kwa seva moja, halirudiwi mara 20. Fomu zinakaa kwenye simu mpaka mtandao upatikane. Mfumo wa eCHIS, ambao wahamasishaji wa afya ya jamii wa Kenya wanabeba kwenye simu zao, nao huhifadhi kwanza kwenye simu, kutuma baadaye. Waliojenga hivyo waliijua nchi watakayoitumikia.

Kwa wanaodhani maombi ni bure, kuna kisa cha Aprili 2024. Mhandisi mmoja wa Ulaya alifungua ndoo tupu ya S3 kwa majaribio, akaamka na ankara ya zaidi ya dola 1,300. Jina la ndoo yake lilikuwa limegongana na jina lililowekwa kama mfano ndani ya programu huria moja, na kila aliyeisakinisha bila kubadilisha jina alikuwa akijaribu kutupa nakala zake humo. Karibu maombi milioni 100 kwa siku moja, yote yakakataliwa, yote yakatozwa. Mwezi uliofuata Amazon wakatangaza kuwa hawatatoza tena maombi yasiyo na idhini ya namna hiyo.

Ankara ya mradi wa Wajir haikuwa na maajabu hayo. Tulilihamisha swali la ndoo likaulizwe na seva mara moja inapowashwa, tukafuta la folda na la faili, tukabadilisha majina, na la mwisho tukaliacha liulizwe pale tu jibu linapopotea. Mhasibu alitaka kujua tumeokoa kiasi gani kwa Amazon. Nilimwonyesha: ni senti, za kimarekani. Kisha nikamfungulia karatasi ya pili, ya bando walizonunua vijana kwa pesa zao za mfukoni ili kupakia picha zilizokwisha kufika. Hiyo aliitazama muda mrefu. Kama watarudishiwa, hadi ninapoandika haya hajasema.